Jogoo yupi abaki bandani? Ulinganisho wa kienyeji, Kuchi, chotara na banda lisilo na jogoo

Mtetea akiatamia mayai 12 na kutotoa vifaranga 10, tarajia kwamba watano hivi watakuwa majogoo. Kwa miezi 3 ya mwanzo hilo halimsumbui mfugaji, kwa sababu pora, yaani majogoo wachanga, hula kidogo, hulala pamoja na ndugu zao na bado hawawiki. Mwezi wa 4 ukiingia mambo hubadilika: pora wanaanza kupimana nguvu, mitetea wanakimbizwa tangu alfajiri, gunia la pumba linakwisha kabla ya wakati wake, na jirani ambaye ukuta wake umepakana na banda anaanza kuuliza kwa upole kuku hao watauzwa lini. Katika uwanja wa nyumba ya Dar es Salaam, iwe Kimara, Mbagala, Tegeta au Chanika, nafasi haitoshi kuwabakiza wote, na mara nyingi haitoshi kumbakiza zaidi ya mmoja.

Ulinganisho huu unahusu njia nne ambazo wafugaji wa nyuma ya nyumba hutatizwa nazo: kubaki na jogoo wa kienyeji wa kawaida, kubaki na Kuchi, yule kuku wa asili mwenye miguu mirefu, kubaki na chotara wa aina ya Kuroiler au Sasso, au kuwaondoa majogoo wote na kufuga mitetea peke yao. Nimepitia njia tatu kati ya hizo, na jambo nililochelewa kulitambua ni kwamba wengi wetu humchagua jogoo kwa kumtazama yeye mwenyewe, kimo chake, mkia wake na rangi ya manyoya yake, ilhali anachotuachia bandani ni mabinti. Jogoo hatagi wala haatamii, lakini akiwa peke yake bandani ndiye baba wa kila kifaranga, kwa hiyo nusu ya urithi wa kizazi kizima kijacho hutoka kwake, wakati kila mtetea huwarithisha wanawe tu.

Vigezo vya kupimia

Nimetumia vigezo vitano kwa njia zote nne. Cha kwanza ni urithi, yaani vifaranga watakuwaje na hasa mitetea watakaotokana nao. Cha pili ni tabia ya jogoo kwa kuku wenzake na kwa watu wa nyumba. Cha tatu ni kelele, ambayo mjini ni suala la ujirani mwema. Cha nne ni uwezo wa kustahimili joto la pwani na maradhi. Cha tano ni chakula anachokula ukilinganisha na thamani yake sokoni. Vigezo hivi havina uzito sawa kwa kila mtu. Mwenye nyumba ya kupanga ataanza na kelele, na mwenye kiwanja kikubwa Kigamboni huenda asiifikirie kabisa.

Urithi

Jogoo wa kienyeji huzaa mabinti wanaotaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo, kisha wanaatamia, wanatotoa na kulea vifaranga wao wenyewe. Kwa mwaka mzima mtetea wa aina hii hutaga mayai kati ya 40 na 60 hivi, idadi ambayo ni ndogo kwa anayetaka mayai ya kuuza, lakini inamtosha mtu asiye na mashine ya kutotoleshea na anayetaka banda lijiendeshe. Udhaifu wake ni mwili mdogo na ukuaji wa polepole. Upo udhaifu mwingine usioonekana haraka: katika mitaa ambayo kuku hutembea huru, jogoo wa kwako, wa jirani na wa nyumba ya tatu huenda wote ni wana wa baba mmoja, na ukiendelea kumtumia jogoo kwa mabinti zake na wajukuu zake, mayai yasiyototoa na vifaranga dhaifu huongezeka kidogo kidogo bila kuona sababu.

Kuchi naye ni kuku wetu wa asili, anayefugwa sana Zanzibar, Tanga na Singida, ila mwili wake ni wa namna nyingine kabisa: miguu na shingo ndefu, kichwa kipana, mdomo uliopinda, upanga mdogo na manyoya machache yaliyolala juu ya msuli. Vipimo vya vinasaba vimemweka karibu na kuku wa mapambano wa Asia Mashariki, na umbo lake halipingani na habari hiyo. Kumchanganya jogoo wa Kuchi na mitetea wa kienyeji ni njia ya zamani ya kuongeza kimo na uzito bila kununua vifaranga wa kisasa. Gharama yake ni muda, kwa sababu wana wa Kuchi huchelewa kukomaa, na mabinti zake kwa kawaida hutaga mayai machache. Wakiatamia huwa walinzi hodari wa vifaranga, ingawa uzito wao huweza kuvunja mayai ya kiota kisicho na matandiko ya kutosha.

Kwa chotara inabidi kusimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo wafugaji wengi hukosea hesabu. Kuroiler ilitoka India na Sasso ilitoka Ufaransa, na aina zote mbili zilijaribiwa kwa wafugaji wadogo wa Tanzania katika mradi wa African Chicken Genetic Gains, ambao uliendeshwa pia Ethiopia na Nigeria. Sifa yao ni ya kweli: hukua haraka kuliko kienyeji, na mtetea wa Kuroiler aliyetunzwa vizuri hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mwaka. Lakini kuku hawa wamepatikana kwa kuchanganya koo mbalimbali za wazazi, kwa hiyo ukimpandisha chotara kwa chotara, vifaranga hawatoki sawa. Mmoja anakuwa mkubwa, mwingine mdogo, mmoja anataga sana na dada yake anasuasua. Vilevile kuku hawa wamepoteza sehemu kubwa ya hamu ya kuatamia, na jogoo huirithisha hali hiyo kwa mabinti zake ingawa yeye mwenyewe hajawahi kukaa juu ya yai. Nilipomtia bandani jogoo wa Kuroiler pamoja na mitetea 6 wa kienyeji, mabinti wanne niliowabakiza walitaga vizuri kuliko mama zao, nami nikafurahi. Msimu wa kutotoa ulipofika, ni mmoja tu aliyeatamia, na siku ya 11 akaondoka kiotani asirudi. Mwaka ule nilimwomba jirani kuku koo wa kuatamia. Simlaumu jogoo yule. Alifanya kile ambacho damu yake inafanya, na mwenye mashine ya kutotoleshea asingeona tatizo lolote.

Njia ya nne haina urithi wa kulinganisha, ila ina faida ambayo haitajwi vya kutosha. Mtetea hutaga bila jogoo, na yai lake lina lishe ile ile. Imani kwamba banda lisilo na jogoo halitoi mayai haina msingi. Zaidi ya hayo, yai lisilo na mbegu hustahimili joto vizuri zaidi. Yai lenye mbegu likikaa katika chumba cha nyuzi 30, kama vyumba vingi vya Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi, kiinitete huanza kukua na yai huharibika mapema, kumbe halijawahi kuatamiwa. Anayeuza mayai ya kula dukani, bila jokofu, anapaswa kulizingatia jambo hili.

Tabia bandani na nyumbani

Jogoo wa kienyeji ni mwepesi na macho yake hayatulii. Mjini adui mkubwa wa vifaranga mchana ni kunguru, hasa kunguru wa India waliojaa jijini, na jogoo mwenye tahadhari hutoa mlio wa hatari ambao kuku wote huuelewa na kukimbilia chini ya gari au kichaka. Huita pia mitetea anapopata chakula, akiokota na kukidondosha mpaka waje, na jogoo anayefanya hivyo huwapanda kwa utaratibu bila kuwakimbiza ovyo.

Kuchi hawezi kuishi na jogoo mwingine mzima. Watapigana hadi mmoja aumie vibaya au afe, na hata pora wa Kuchi waliokua pamoja huhitaji kutenganishwa mapema. Kwa binadamu si lazima awe mkali, na nimeona Kuchi wapole kabisa, lakini akikasirika kimo chake kinamfikisha usawa wa uso wa mtoto mdogo. Nyumba yenye watoto wanaotambaa au wanaojifunza kutembea isimwache huru.

Chotara kwa kawaida ni mtulivu, na utulivu huo una pande mbili: hashambulii watu mara nyingi, lakini pia huchelewa kuona kunguru. Tatizo lake kubwa ni uzito. Jogoo wa kilo 3 na zaidi akipanda mtetea wa kilo 1.2 kila siku, manyoya ya mgongo hunyonyoka na ngozi huchanika kwa kucha na vipi (miiba) vya miguuni. Ukiona migongo mitupu, ama jogoo ni mzito mno kwa mitetea hao, ama majogoo ni wengi kuliko inavyotakiwa. Jogoo mmoja hutosha mitetea 8 hadi 12; karibu na 8 kwa jogoo mzito, karibu na 12 kwa mwepesi.

Mitetea peke yao huishi kwa amani, na mmoja wao hushika uongozi. Wanachokosa ni mlinzi.

Kelele na ujirani

Hapa njia tatu za kwanza hazitofautiani sana, kwani kila jogoo mzima huwika, na huwika kabla ya mapambazuko. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake: hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, bado huwika inapokaribia alfajiri. Kwa hiyo kuziba madirisha ya banda kunapunguza kuchochewa na taa za gari na za jirani, lakini hakuondoi kuwika. Kinacholeta tofauti ni idadi. Katika utafiti uliofuata mwaka 2015 ilibainika kwamba jogoo mwenye cheo cha juu huanza kuwika na wengine humfuata kwa ngazi zao, na hiyo ndiyo sababu majogoo watatu hugeuka kuwa mfululizo usioisha. Mwenye jogoo mmoja anaweza kuzungumza na jirani wakaelewana. Mwenye wanne hana hoja.

Kabla ya kuamua, pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize sheria ndogo za halmashauri yako kuhusu mifugo, kwa sababu Jiji la Dar es Salaam (yaani Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ina mamlaka yake. Ukipanga nyumba, ruhusa ya mwenye nyumba itangulie. Kwa nyumba zilizobanana, kama Manzese au Tandale, mitetea bila jogoo ndiyo njia isiyozua ugomvi.

Joto na maradhi

Jogoo wa kienyeji amezoea joto, na miongoni mwao kishingo ana nafasi ya pekee pwani: shingo yake isiyo na manyoya humsaidia kupoza mwili, na sifa hiyo huirithisha kwa wanawe. Ukiwa na pora wawili wanaolingana kwa mengine yote, kishingo anastahili kupewa kipaumbele hata kama macho yako yanampenda mwenzake. Kuchi naye hunufaika na uchache wa manyoya na urefu wa viungo. Chotara ndiye anayeteseka zaidi. Saa nane mchana mwezi Februari utamkuta amefungua mdomo na kutandaza mabawa, na joto likizidi siku nyingi uwezo wake wa kurutubisha mayai hushuka. Kivuli cha mti, maji yanayobadilishwa mara mbili mchana na paa lililoinuliwa si anasa kwake.

Kuhusu maradhi, hakuna jogoo wa aina yoyote asiyehitaji chanjo. Kideri huua kienyeji, Kuchi na chotara bila kubagua, na dhana kwamba wa kienyeji ana kinga ya kuzaliwa imemaliza mabanda mengi. Chanjo yake ya I-2, inayostahimili joto na inayotengenezwa Kibaha, huwekwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Ndui nayo ichanjwe. Jogoo aliyenunuliwa sokoni, hata awe mzuri kiasi gani, atengwe wiki 2 hadi 3 kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Chakula na soko

Jogoo wa kienyeji anayejitafutia hula gramu 100 hivi za chakula kwa siku; wazito hufika gramu 130 au 150. Pora wanne wa ziada wanaokula gramu 120 kila mmoja humaliza kilo 14.4 kwa mwezi, na hesabu hiyo peke yake hutosha kumshawishi mtu asichelewe kuuza. Kienyeji hupata mnunuzi haraka, kwa walaji wa mtaani na kwa wachuuzi wa Kisutu na Shekilango, na bei hupanda kuelekea Idd, Krismasi na Mwaka Mpya. Chotara huuzwa kwa uzito wake na hufikia uzito huo mapema. Kuchi ana soko dogo lakini la watu wanaojua wanachotaka, ambao hulipa vizuri kwa jogoo mwenye umbo kamili. Asiyewajua watu hao atamuuza kwa bei ya kitoweo. Banda lisilo na jogoo huokoa chakula chote hicho, ila hulazimika kununua vifaranga au mitetea wapya kila mitetea wanapozeeka.

Ukishachagua aina, pora yupi?

Chagua mara mbili. Katika wiki ya 8 ondoa wenye vidole vilivyopinda, mdomo uliopishana, kifua kilichopinda au miguu inayogongana magotini. Kati ya wiki ya 16 na 20 tazama waliobaki kwa macho mapya: macho angavu, upanga mwekundu, mwendo wa kujiamini, na namna anavyowatendea mitetea. Pora anayekimbilia miguu ya watu ili aipige asibakizwe kwa sababu ya uzuri, kwani ukali huo huonekana tena kwa wanawe. Jihadhari pia na yule aliyelelewa mikononi kama mwanasesere, kwa sababu baadhi yao hukosa woga wa binadamu na wakikomaa humchukulia mtu kama jogoo mwenzao.

Upangaji kwa hali yako

Anayetaka banda lijizalishe lenyewe, bila mashine wala umeme, atafaidika zaidi na jogoo wa kienyeji, na akimpata kishingo asiye na undugu na mitetea wake, kutoka mtaa wa mbali, atakuwa amepata anachohitaji. Ambadilishe kila mwaka, kwa kubadilishana na mfugaji mwingine, kabla mabinti hawajaanza kutaga.

Anayefuga kwa nyama na ana uhakika wa chakula na vifaranga, chotara humlipa. Ashike utaratibu mmoja: amtumie jogoo wa chotara kwa mitetea wa kienyeji wakubwa wakubwa, auze au kula uzao wote, na mitetea wa kuendeleza ukoo awatoe kwa kuku wengine wa kienyeji wanaoatamia.

Mwenye kiwanja kikubwa, uzio imara, subira ya karibu mwaka mzima na mapenzi ya kweli kwa kuku hawa, amchukue Kuchi mmoja. Mwenye watoto wadogo au majogoo wengine asimchukue kwa sasa.

Mpangaji, mwenye ukuta mmoja na jirani mgonjwa au mtoto mchanga, au anayehitaji mayai ya kula tu, afuge mitetea 4 hadi 6 bila jogoo na asione kwamba amefuga nusunusu.

Na mwenye pora wawili wazuri wa aina moja asiyejua amwache yupi, asubiri wafikie miezi 6 au 7, awatenganishe, na amtie mmoja kwa mitetea huku mwenzake akikaa pembeni. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki 2 hadi 3, kwa hiyo akiwabadilisha asihesabu mayai ya wiki 3 za kwanza kuwa ya jogoo mpya. Mayai ya kila mmoja yawekwe alama ya penseli na kuatamishwa, kisha siku ya 7 usiku yamulikwe kwa tochi: lenye mbegu huonyesha mishipa myembamba kama utando wa buibui, na lisilo nayo hubaki jeupe. Wakilingana hapo, tofauti itafutwe kwenye migongo ya mitetea.